Faili Letu Lakataa Kufunguka: Ruhusa na Namba Katika Ghala la Pamoja la Tawi



Zamani kumbukumbu za tawi zilikaa katika kabati moja la chuma. Ndani yake mlikuwa na daftari la wanachama, stakabadhi za michango na majalada ya ajali kazini. Ufunguo alikuwa nao katibu. Mwanachama aliyetaka kujua ni nani anayeweza kusoma jalada lake aliuliza swali moja tu: ufunguo anao nani?

Siku hizi matawi mengi yanaweka kumbukumbu hizo ndani ya kompyuta. Na kwa kuwa katibu, mweka hazina na mjumbe wa usalama kazini wote wanazihitaji, ofisi hununua kisanduku chenye diski, kikaunganishwa na kompyuta zote kwa mtandao wa ofisi. Kila mmoja akiwa mezani kwake anaweza kufungua mafaili yale yale. Sisi tunakiita kisanduku hicho ghala la pamoja.

Ghala hili ni msaada mkubwa, lakini limeleta taabu ambayo matawi mengi yanaifahamu. Faili uliloliandika jana kwa mkono wako mwenyewe leo linakataa kufunguka. Kompyuta inasema huna ruhusa. Katika makala hii tunaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, namna ya kulirekebisha, na kwa nini dawa inayotumiwa na watu wengi ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Wanaoshughulika na kompyuta za tawi watapata amri za kuandika. Wanaofanya kazi shambani na kiwandani watapata maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa tawi, maana majina yaliyomo ndani ya ghala hilo ni yao.

YALIYOTUPATA

Ofisini kwetu tulikuwa na kompyuta tatu zinazotumia mfumo wa Linux: moja ya katibu, moja ya mweka hazina, na moja ya kubeba ya mjumbe wa usalama. Baadaye iliongezeka ya nne inayotumia Windows. Mwanachama mmoja wa kiwanda cha chai alikuwa amepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kukata majani, na shauri lake la fidia lilikuwa lisikilizwe mbele ya ofisa wa kazi. Katibu alikuwa ameandika maelezo ya mashahidi na kuyaweka pamoja na taarifa ya daktari katika ghala la pamoja. Siku aliyoyaandika alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya mjumbe wa usalama, kwa sababu yake ilikuwa kwa fundi. Kwa kuwa habari za mgonjwa ni siri, aliliwekea faili hilo ruhusa ya mwenyewe peke yake. Alifanya vema.

Asubuhi ya shauri alifungua kompyuta yake mwenyewe ili atoe nakala. Kompyuta ikakataa. Mjumbe wa usalama alikuwa safarini, na kompyuta yake alikuwa nayo. Shauri likaahirishwa. Mwanachama yule, ambaye alikuwa hana mshahara kamili tangu aumie, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapakuwa na mwizi wala mzembe. Palikuwa na namba mbili zisizolingana.

KOMPYUTA HAIJUI JINA, INAJUA NAMBA

Kila mmoja wetu anayefanya kazi shambani au kiwandani ana namba ya kazi. Karani wa mshahara haangalii sura yako, anaangalia namba. Tuseme wewe ni namba 1001 katika shamba moja. Ukihamia shamba la jirani, huko namba 1001 ni mtu mwingine kabisa. Ukienda dirishani ukasema, "Mimi ni 1001, nipeni mshahara wangu," karani anayeamini namba tu atakupa mshahara wa mtu mwingine. Na wako wa shamba la kwanza atapewa mwenye namba hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Unapoingia kwa jina la "katibu", kompyuta inatafuta katika orodha yake na kupata namba. Tangu hapo jina halina kazi tena. Juu ya kila faili imeandikwa namba ya mwenyewe, na wala si jina lake. Jina unaloliona kwenye kioo ni tafsiri tu ambayo kompyuta inaifanya kutoka kwenye orodha yake ili usome kwa urahisi.

Utaratibu huu una historia. Mfumo wa Unix, ambao Linux imefuata desturi zake, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo watu wengi walitumia mashine moja, kila mmoja akiwa na meza yake iliyounganishwa nayo. Mashine ilikuwa moja, kwa hiyo na orodha ya namba ilikuwa moja. Hapakuwa na nafasi ya kuchanganya watu.

Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ilitengeneza utaratibu uitwao NFS, ambao unaiwezesha kompyuta moja kutumia diski ya kompyuta nyingine kana kwamba ni yake. Hapo ndipo orodha zilipokuwa nyingi. Kompyuta yako inaliambia ghala, "Anayeomba ni namba 1000." Katika mpango wake wa kawaida, ghala halimuulizi mtu huyo neno la siri. Linaiamini kompyuta iliyoleta namba.

Sasa tazameni. Linux za siku hizi, kama Debian na Ubuntu, humpa mtumiaji wa kwanza aliyeandikishwa katika kompyuta namba 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Kompyuta za Macintosh huanzia 501. Katibu alikuwa wa kwanza katika kompyuta yake: 1000. Mweka hazina alikuwa wa kwanza katika yake: naye 1000. Katika kompyuta ya mjumbe wa usalama, mjumbe ndiye aliyekuwa 1000, na katibu, aliyeongezwa baadaye, akawa 1001.

Basi faili la shauri liliandikwa na 1001. Katibu alipolitaka kutoka kwenye kompyuta yake akiwa 1000, ghala lilimwona kuwa mgeni. Lakini kuna upande wa pili, nao ndio uliotushtua zaidi. Mafaili yote ya siri ambayo katibu aliyaandika kwenye kompyuta yake yalikuwa na namba 1000, na mweka hazina naye alikuwa 1000, na mjumbe vilevile. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na uwezo wa kuyasoma, kuyabadili na kuyafuta, bila wao kujua na bila katibu kujua.

Kosa moja lilimfungia mlango mwenye mali, na papo hapo likawafungulia wasiohusika. Kwa hiyo tawi ambalo halijawahi kuona faili likikataa lisijidai kuwa liko salama. Pengine namba zimechanganyika kwa namna inayofungua tu.

KUSOMA RUHUSA

Kila faili lina ruhusa za aina tatu za watu: mwenyewe, kikundi, na watu wengine wote. Kwa kila aina kuna ruhusa tatu: kusoma, kuandika, na kuendesha. Andika amri hii ndani ya folda:

ls -ln

Utaona mistari kama huu:

-rw-r----- 1 2001 3000 maelezo.odt

Mbele ya jina la faili huwa pia na ukubwa wake na tarehe, ambavyo hapa tumeviacha. Herufi r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha. Tatu za kwanza ni za mwenyewe, hapa anasoma na kuandika. Tatu za kati ni za kikundi, hapa kinasoma tu. Tatu za mwisho ni za wengine, hapa hawana kitu. Namba 2001 ni mwenyewe, na 3000 ni kikundi. Ile n katika amri ndiyo inayoonyesha namba badala ya majina, nayo ni muhimu sana, kwa sababu majina yanaweza kukudanganya.

Mafundi huandika ruhusa hizo kwa tarakimu. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, halafu hujumlishwa. Hivyo 6 ni kusoma na kuandika, 7 ni zote tatu. Faili lenye 640 ndilo hilo hapo juu.

Kwa folda mambo hubadilika kidogo. Herufi x kwenye folda ni ruhusa ya kupita ndani. Na ruhusa ya kuandika kwenye folda ni ruhusa ya kuongeza na kuondoa mafaili yaliyomo. Ndiyo maana mtu asiyeweza kulisoma faili anaweza hata hivyo kulifuta, ikiwa folda lilimokaa faili hilo iko wazi kwake. Wengi hulinda faili wakasahau folda.

DAWA MBAYA

Baada ya shauri kuahirishwa tulimwita fundi. Akaandika amri moja:

chmod -R 777 /ghala

Mara mafaili yote yakafunguka kwa kila mtu, tukamshukuru na kumlipa. Amri hiyo inatoa ruhusa zote kwa watu wote katika mafaili yote. Ni sawa na kung'oa mlango wa kabati kwa sababu ufunguo umepotea.

Baadaye alifika ofisini mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi. Aliunganisha kompyuta yake na mtandao wa ofisi, akaliona ghala, akafungua folda ya kwanza. Ilikuwa orodha ya wafanyakazi wa kiwanda ambacho mwajiri wake alikuwa bado hajakubali kukitambua chama. Majina, namba za kazi na sahihi zao vilikuwemo. Tulibahatika kwamba aliyeiona alikuwa yeye, na kwamba alikuja kutuambia.

Ndugu, tufikirini maana yake. Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi alindwe asibaguliwe kazini kwa kuwa mwanachama wa chama chake. Ulinzi huo ni mgumu kuupata pale ambapo orodha imekwisha kufika mikononi mwa mtu mbaya kabla chama hakijapata nguvu. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, nayo inaziweka habari za afya katika daraja la habari za kulindwa kwa namna ya pekee. Kenya nayo ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 2019, Zambia mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inataja kwa jina uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa ni habari nyeti. Chama kinachodai mwajiri aheshimu haki za wanachama hakina budi kianze kabatini mwake.

KUTAMBUA UGONJWA KABLA YA KUTIBU

Kwanza, hakikisheni kwamba taabu ni ya ruhusa. Faili laweza kukataa kubadilishwa kwa sababu mwenzako amelifungua wakati huo huo, au kwa sababu diski imejaa, au kwa sababu ghala limeunganishwa kwa kusoma tu. Na kama diski iliyomo imeandaliwa kwa mpango wa FAT au exFAT, kama zilivyo nyingi za kuchomeka, haiwezi kabisa kukumbuka namba za wenyewe wala ruhusa hizi. Hapo chmod haitasaidia kitu. Diski hiyo haifai kuwa ghala la tawi.

Pili, kwenye kila kompyuta, kila mtumiaji aingie kwa jina lake na kuandika:

id

Kompyuta itamjibu namba yake na namba za vikundi vyake. Andikeni majibu kwenye karatasi moja, safu moja kwa kila kompyuta. Mtu mmoja akiwa na namba mbili, au watu wawili wakiwa na namba moja, mmekwisha kuupata ugonjwa.

Tatu, tazameni faili lenyewe kwa ls -ln, kisha folda lilimo, kisha folda iliyo juu yake, mpaka juu kabisa. Mlango mmoja wa njiani ukifungwa, vyote vilivyomo ndani havifikiki.

Mkiona kwamba mwenye faili anaonyeshwa kwa jina la "nobody", yaani si mtu yeyote, na ghala linatumia NFS ya toleo la 4, basi huenda taabu ni nyingine. Toleo hilo hutumia majina pamoja na jina la eneo wakati wa kuonyesha wenyewe. Angalieni faili la /etc/idmapd.conf kwenye seva na kwenye kompyuta. Neno lililo mbele ya Domain liwe moja pande zote. Lakini hata hapo, katika mpango wa kawaida, ruhusa yenyewe bado hupimwa kwa namba. Kwa hiyo kulinganisha namba hakuepukiki.

MATENGENEZO

Kabla ya yote, chukueni nakala ya ghala zima na kuiweka mahali pengine. Amri za kubadili wenyewe hazina njia ya kurudi.

Hatua ya kwanza ni kupatana juu ya namba. Sisi tuliketi na kuamua: katibu 2001, mweka hazina 2002, mjumbe wa usalama 2003. Kikundi cha ofisi nzima, tulichokiita "tawi", kikapewa 3000. Kikundi cha wanaoruhusiwa kushika majalada ya ajali, "ajali", kikapewa 3001. Tulichagua namba za juu ili zisigongane na zile ambazo kompyuta mpya hujigawia zenyewe. Kisha katika kila kompyuta, na kwenye seva ya ghala, msimamizi aliandika:

groupadd -g 3000 tawi
groupadd -g 3001 ajali
usermod -u 2001 katibu
usermod -aG tawi,ajali katibu

na vivyo hivyo kwa wengine, kila mtu na vikundi vinavyomhusu. Mtumiaji anayebadilishiwa namba awe ametoka kwanza. Angalieni sana ile herufi a katika -aG. Ukiisahau, mtu huyo ataondolewa katika vikundi vyake vyote vingine. Na mtu aliyeongezwa kikundini hana budi atoke na kuingia upya, vinginevyo kompyuta haitajua kwamba amekuwa mwanakikundi.

Hatua ya pili ni mafaili ya zamani, maana usermod hurekebisha yaliyo nyumbani mwa mtumiaji tu, yaani folda yake katika kompyuta ile. Yaliyo katika ghala hubaki na namba za zamani. Yaliyokuwa ya 1001 yalikuwa ya katibu peke yake, kwa hiyo yalikuwa rahisi. Kwenye seva yenyewe:

find /ghala -user 1001 -exec chown 2001 {} +

Lakini yale ya 1000 yalikuwa ya watu watatu, na namba haiwezi kusema ni nani kati yao. Hapo hapana amri ya kutuokoa. Tuliketi jioni mbili, tukapitia folda moja moja, kila mtu akatambua yaliyo yake. Tawi litakalopanga namba zake mapema litajiokoa na kazi hiyo.

Amri hizi ziandikwe kwenye seva. Ukiziandika kwenye kompyuta ya mezani, hata ukiwa msimamizi, ghala litakukatalia. Hiyo ni kinga iliyowekwa makusudi: msimamizi anayekuja kwa njia ya NFS hugeuzwa kuwa mtu asiye na cheo. Mnyapara wa shamba moja si mnyapara wa shamba la jirani. Fundi akitaka kuiondoa kinga hiyo ili afanye kazi upesi, msimkubalie.

Hatua ya tatu ni kutumia kikundi. Kumbukumbu za tawi si za mtu mmoja, kwa hiyo ruhusa zake zipitie katika kikundi:

chgrp -R tawi /ghala/tawi
find /ghala/tawi -type d -exec chmod 2770 {} +
find /ghala/tawi -type f -exec chmod 660 {} +

Mstari wa pili ni wa folda, wa tatu ni wa mafaili. Tarakimu 2 ya mbele katika 2770 ina kazi kubwa: inaagiza kwamba kila faili jipya litakaloundwa ndani ya folda hiyo lichukue kikundi cha folda, lisichukue kikundi cha mwandishi. Bila hiyo, kila mmoja angekuwa anazalisha mafaili ya kikundi chake mwenyewe, na baada ya mwezi mmoja taabu ingerudi. Folda ya majalada ya ajali tuliifanyia hivyo hivyo, ila kikundi chake ni "ajali".

Hatua ya nne ni desturi ya kompyuta inapounda faili jipya. Desturi hiyo huitwa umask, nayo ni tarakimu za ruhusa zinazoondolewa. Kompyuta nyingi zina 022, ambayo inawaachia watu wote kusoma na inakinyima kikundi kuandika. Kwa ofisi ya chama ni kinyume cha tunachokitaka. Wekeni 007 katika mipango ya kuingia ya kila mtumiaji: kikundi kinafanya kazi, wengine hawapati kitu.

Jueni pia kwamba faili lililohamishwa kwa mv kutoka folda nyingine ya ghala hilo hilo huja na kikundi chake cha zamani. Lililonakiliwa kwa cp huundwa upya, na kwa hiyo hufuata kikundi cha folda mpya. Kama faili moja tu linakataa huku wenzake wakifunguka, ulizeni kwanza kama lilihamishwa.

Hatua ya tano ni ile kompyuta ya Windows. Yenyewe huja kwa njia nyingine, kwa kawaida kupitia programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia na kutolewa mwaka 1992. Hapa mtu huingia kwa jina na neno la siri, na seva ndiyo inayotafuta namba yake. Katika mpango wa Samba wa folda ya tawi tuliweka:

force group = tawi
create mask = 0660
directory mask = 2770

Hivyo faili lililoandikwa kwa Windows linakuwa na ruhusa sawa na lililoandikwa kwa Linux. Kumbukeni kwamba Windows haikubali kuingia katika seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Mwenzako akiwa ameacha mlango wake wazi, toka kwanza kwa jina lake ndipo uingie kwa lako.

Hatua ya mwisho ni kufunga lango. Tumesema kwamba NFS ya kawaida huiamini kompyuta iliyoleta namba. Mgeni mwenye kompyuta yake anaweza kujipa namba 2001 na ghala likamwita katibu. Kwa hiyo katika faili la /etc/exports la seva tulitaja anwani za kompyuta zetu tatu tu, na wageni wakapewa mtandao wao mbali. Ofisi kubwa zenye mafundi zinaweza kutumia Kerberos, utaratibu uliotengenezwa katika chuo cha MIT huko Marekani miaka ya 1980, ambao kila mtu huthibitisha nafsi yake kabla ya kuhudumiwa.

Visanduku vingi vidogo vinavyouzwa madukani vina Linux ndani yake, lakini hutawaliwa kwa kubonyeza vitufe katika ukurasa wa mipango. Maneno yatatofautiana, lakini mambo ni yale yale: namba, kikundi, folda, na anwani zinazoruhusiwa.

MASWALI YA KUULIZA KATIKA MKUTANO

Mwanachama hahitaji kujua amri hizi ili ailinde mali yake. Katika mkutano wa tawi asimame aulize:

1. Je, kuna daftari linaloonyesha namba ya kila mtumiaji, na namba hizo ni zile zile katika kompyuta zote?

2. Majalada ya ajali na orodha ya wanachama yanaweza kusomwa na nani? Majina yao yatajwe.

3. Kiongozi aliyemaliza muda wake ameondolewa katika vikundi, na namba yake haikupewa mtu mwingine? Ikipewa mwingine, huyo atarithi mafaili yote ya siri ya aliyetangulia.

4. Je, kuna folda yoyote yenye 777?

5. Nakala ya ghala ilichukuliwa lini, na ilijaribiwa kufunguliwa lini?

Kiongozi akishindwa kujibu, asione aibu. Sisi wenyewe tulishindwa. Aseme kwamba atatafuta jibu, na mkutano ujao alilete.

Shauri la mwanachama wetu lilisikilizwa siku nyingine, na maelezo ya mashahidi yalisomwa. Lakini siku zile alizosubiri hazikurudi. Mfanyakazi aliyeumia hajui NFS ni nini wala hana haja ya kujua. Anajua tu kwamba alikikabidhi chama karatasi zake, na siku ya haja hazikuonekana. Sisi tuliopewa kazi ya kuzitunza hatuna budi kuzitunza kwa namna mbili kwa pamoja: anayestahili azipate saa yoyote, na asiyestahili asizipate kamwe.

Umoja ni nguvu!